Mtihani wa Mkamwana Kwenye Mguu Wangu

Mimi kukaa sehemu moja siwezi. Marehemu mama alikuwa anasema nilizaliwa natembea, mkunga akanifukuza mpaka kwenye migomba ndiyo akanipata, akanikata kitovu. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo umlaze chali Iringa wiki saba. Mguu wa kushoto, mfupa wa paja umevunjika. Umefungwa kamba, kamba imepita kwenye kigurudumu, na kule mwisho unaning'inia mfuko wa mchanga unaovuta mguu muda wote. Mguu wa kulia nao umechanika ugoko, kidonda kirefu kama barabara ya Chunya, na mashimo yake.

Watu wananiuliza nilianguka vipi. Sikuanguka kwa uzembe bwana, nilianguka kwa stori. Mimi ni utingo wa malori, napanda na ndizi kutoka kwetu Tukuyu, nakwenda nazo zinakokwenda. Siku hiyo tulisimama Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa, nikapanda juu ya mzigo kukaza kamba, na huku nawasimulia wenzangu walioko chini habari za nguruwe niliyemwona Mbalizi. Mmoja akauliza, "Mkubwa kama nini?" Nikaachia kamba nimwonyeshe kwa mikono miwili. Ndizi zikabaki juu, mimi nikaja chini. Wanasema nilivyofika chini mikono bado nimeipanua, nguruwe yuko palepale katikati.

Wodini nilihesabu mbao za dari mpaka nikazipa majina. Lori likipanda mlima kuja mjini nilikuwa najua kwa mlio tu limebeba nini, na dereva kala au hajala. Kilichobaki na uhuru kwenye mwili wangu ni vidole vya miguu. Basi nikawa navitembeza. Kwa mahesabu yangu vidole vyangu vilifika Makambako, vikanywa chai, vikarudi.

Kitanda cha jirani alikuwepo mkulima mmoja wa Kalenga, Mhehe, amepasuliwa ngiri. Mtu mzima kama mimi, mcheshi, ila alishonwa tumboni kwa hiyo kucheka kwake ni mateso. Asubuhi ananiambia "Kamwene," mimi namjibu kwa Kinyakyusa, kila mtu anajifanya kaelewa. Sijui kama Wahehe na sisi tuna utani wa asili. Sisi tulitengeneza wa kwetu pale kitandani, akawa mtani wangu.

Wiki ya pili, Jumatatu asubuhi, wakaingia wanafunzi wa uuguzi. Wale wanaosomea cheti, miaka miwili, nusu darasani, nusu wodini wanajifunzia kwetu sisi. Wamevaa sare zimepigwa pasi, ukigusa unakatwa. Wamejipanga ukutani kama ndizi kwenye mkungu, na sista mkuu wa wodi anawapa maelekezo. Mimi nikainua kichwa kuwahesabu, maana sikuwa na kazi nyingine. Nilipofika wa tisa, yule wa tisa akageuka ghafla, akanipa mgongo, akakohoa mara mbili.

Mwili wote ukanisisimka, hata ule mguu uliofungwa. Kile kikohozi nakijua. Ni cha mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pili.

Hapa lazima nieleze, maana wasio wa kwetu hawataelewa. Sisi Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Siku hizi wengine wameacha, wanakaa sebuleni pamoja wanaangalia mpira. Nyumbani kwangu tulikuwa bado. Mkamwana akitaka kupita uani anakohoa kwanza, mimi naondoka. Tukigongana njiani yeye anaingia kwenye migomba, anajifunika kanga, anangoja nipite, na mimi napita haraka naangalia upande wa pili kama mtu aliyeiba. Mkono kwa mkono hatupeani kitu. Jina langu hatamki kabisa, hata akichapwa. Ukiuliza wazee kitatokea nini mkikosea, kila mzee ana adhabu yake. Mmoja anasema utavimba, mwingine anasema wajukuu hawatakua, mwingine anatikisa kichwa tu na hiyo ndiyo inayotisha zaidi. Miaka minane nilikuwa namjua mkamwana wangu kwa kisogo na kwa kikohozi.

Na si kwamba tulichukiana. Mimi ndiye niliyepiga kelele asome! Alikuja kuolewa ana cheti chake cha kidato cha nne, bailojia amefaulu, kemia amefaulu, halafu anachuma majani ya chai. Ndugu zangu wakasema mwanamke mwenye watoto wawili anaenda chuo kutafuta nini. Nikawaambia mwacheni aende, mimi shule niliiona kwa mbali tu nikiwa nachunga, acha ukoo upate mtu mmoja. Akaenda Iringa. Kuanzia siku ile kila kituo cha malori kutoka Kyela mpaka Mafinga walijua kwamba nina nesi nyumbani. Mwaka wa kwanza nilisema nesi. Mwaka wa pili nilishampandisha, nikawa nasema ndiye anayewafundisha madaktari kushika kisu.

Likizo akija alikuwa anafanyia mazoezi nyumba nzima. Mama watoto wangu alipimwa presha mpaka mkono ukawa mwembamba. Mbuzi alifungwa bandeji. Kuku wakimwona na saa yake wanakimbia, wanajua watahesabiwa mapigo. Chumbani kwangu haingii, lakini alimfundisha mama mkwe wake kutandika kitanda kwa zile kona za hospitali, na mama akatandika cha kwetu. Shuka lilibana hivyo nikawa naingia kitandani kwa kuchomekwa, kama barua kwenye bahasha. Yote hayo mimi nilikuwa naangalia kupitia kwenye migomba, najifanya natafuta jembe.

Sasa leo yuko hapa, hatua tano, na mimi nimefungwa kamba. Hebu fikiria. Ile desturi yote, ukiitazama vizuri, inategemea miguu! Mkamwana akikohoa, baba mkwe anaondoka. Miaka minane sikuwahi kukosea kwa sababu nilikuwa na miguu. Nifanye nini? Nikashika blanketi, nikajifunika gubigubi.

Basi ikawa ndiyo maisha. Wanafunzi wakiingia, mimi chini ya blanketi. Yeye naye akipita na troli anapita kinyumenyume, mgongo upande wangu. Sista mkuu wa wodi alikuwa na sauti inayosikika mpaka Kihesa. "Wewe mwanafunzi! Unarudi nyuma kama lori linatafuta maegesho, kuna nini?" Mwenyewe anavuta troli tu. Angesema nini? Kusema "yule ni mkwe wangu" maana yake ni kunyoosha kidole, na kidole hakinyooshwi.

Siku moja wakaja akina mama wa kwaya kuombea wagonjwa. Mama mmoja akanikuta nimefunikwa toka unyayo mpaka utosi, kimya. Akajua nimeshaondoka. Akaanzisha wimbo wa maziko. Mimi wimbo ule naupenda sana, nikajisahau, nikashika sauti ya nne kutoka ndani ya blanketi. Yule mama alitoka pale akaruka vitanda vitatu na ndoo. Nasikia siku hizi anaabudu Njombe.

Mtani wangu alishika tumbo. "Aaa mtani, nyuzi! Nyuzi zangu!" Akapumua, akanisogelea. "Hebu niambie, yule binti umemfanya nini?"

"Binti yupi?"

"Huyo ukimwona unajigeuza maiti."

Nikaangalia dari. "Ni mkamwana wangu."

"Sasa si ufurahi? Una nesi wako!"

Nikamweleza kama nilivyokuelezeni. Alisikiliza, akatafuna karanga, akasema, "Yaani nyinyi Wanyakyusa mnajua kula ndizi ila mengine yamewashinda. Mimi mkamwana wangu ndiye aliyenileta hapa amenibeba mgongoni."

"Wewe Mhehe, hata ukibebwa na punda ni sawa."

"Punda hana sapu," akasema.

"Nini?"

Ndiyo akaniambia. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja mwembamba, mdomo haukai, rafiki yake mkamwana. Wakati anampima mtani joto alikuwa anamwaga habari zote. Kwamba wiki ijayo kuna mtihani wa vitendo, kusafisha kidonda mbele ya msahihishaji anayetoka nje. Kwamba mwenzao mmoja, huyo anayetembea kinyumenyume, mara ya kwanza alifeli, hii ni sapu, mtihani wa marudio, akishindwa tena ndiyo basi, anarudi nyumbani kuchuma chai.

"Alifeli kwa nini?" nikauliza. "Yule? Yule amefunga bandeji mbuzi akapona!"

"Kidonda hakukigusa hata. Aliambiwa aingie wodini amtafute mgonjwa wake kwa jina. Akasoma jina kwenye faili, akasimama mlangoni kama nguzo. Wakamwambia ita. Hakuita. Muda ukaisha."

"Jina gani hilo?"

Mtani akamwita yule mwembamba, akamuuliza. Yule binti akalitaja.

Lilikuwa jina langu. Si mimi, ni mzee mwingine tu, maana jina langu kwetu limejaa, ukilitupia jiwe sokoni Tukuyu unapiga kumi. Lakini lilikuwa langu. Mkamwana alisimama mlangoni na mtihani wa miaka miwili mkononi, akashindwa kufungua mdomo kwa ajili ya heshima yangu mimi, ambaye saa hiyo nilikuwa pengine juu ya ndizi Igawa nadanganya watu kwamba yeye ndiye anafundisha madaktari.

Siku hiyo sikula. Mtani alikula uji wangu, na wa kwake, akasema ni kwa kunionea huruma.

Halafu kuna jambo lingine lililonitia wazimu. Sista mkuu alikuja kukitazama kidonda changu, akakisifia. "Mzee, kidonda chako kizuri sana. Kina kila kitu. Nimekiweka kwenye mtihani." Wodi nzima vilichaguliwa vidonda vitatu, na changu ndicho cha kwanza! Siku nyingine ningejivuna mpaka kitanda kipasuke. Sasa nikapiga hesabu. Vidonda vitatu, wanafunzi wanaokota karatasi za kura. Anaweza kuniokota mimi.

"Sista," nikasema, "niandikie niende nyumbani."

"Na mguu?"

"Mguu mtautuma na lori."

Akacheka akaenda. Mimi nilikuwa sichekeshi. Kesho yake nikajaribu kuifungua ile kamba mwenyewe. Nilifika fundo la pili, mfuko wa mchanga ukaanguka kwenye kiatu cha daktari, na daktari alikuwa ndani ya kiatu. Nikafungwa upya kwa fundo ambalo hata mimi mtu wa malori sikuwahi kuliona. Zikabaki siku nne. Vidole vyangu vya miguu safari hii vilipitiliza Makambako, vikafika Tunduma, vikavuka mpaka.

Siku yenyewe ikafika. Wodi imepigwa deki inateleza, wagonjwa tumenyolewa, hata mtani kavaa shati. Msahihishaji alikuwa mama mmoja mrefu, miwani imefungwa uzi shingoni, anaongea polepole kama mtu anayelipwa kwa saa. Wanafunzi wakaokota karatasi kule mezani. Nilikuwa naangalia migongo tu. Nikauona mgongo ninaoujua ukifungua karatasi, na nikauona ukikakamaa.

Sikungoja. "Mwalimu! Mama! Njoo hapa!"

Akaja. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini ambayo kwangu mimi ni sauti inayosikika wodi mbili tu. Kwamba yule ni mkamwana wangu. Kwamba hatuonani. Kwamba ampe mwingine, kuna yule kijana mwenye kidonda cha shoka, kidonda kizuri vilevile, ingawa hakifikii changu.

Mama akavua miwani. "Mzee, nimekuelewa. Sasa nikuulize. Huyu akifaulu, akapangiwa kazi Kyela, huko kwenu, wodi yote ile si wakwe zake?"

Nikafikiri. Kwetu baba mkwe si mimi peke yangu. Ndugu zangu ni baba mkwe, rika langu ni baba mkwe. Kyela yule hangeweza kumgusa mwanaume mwenye mvi.

"Ni wakwe," nikasema.

"Basi atawaacha waoze?"

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Wewe una haki ya kukataa," akasema. "Ukikataa wewe mgonjwa, nitaandika mgonjwa kakataa, na yeye atapaswa kukushawishi. Nusu saa inaanza sasa." Akageuka. "Mwanafunzi, njoo."

Akaja. Safari hii alikuja ameelekea mbele, anasukuma troli, na gurudumu moja linalia. Amevaa kofia, barakoa imefika mpaka chini ya macho, aproni ya plastiki mpaka magotini. Nikajiambia, ahaa, hii si ndiyo kanga? Mtu aliyefunikwa hivi atasemaje mtu kwamba umemwona? Akasimama mwisho wa kitanda, macho kwenye vidole vya miguu yangu. Vidole vikasimama, mara ya kwanza tangu nilazwe.

"Kwanza tunafanya nini?" mwalimu akauliza.

"Kumtambua mgonjwa, mwalimu."

"Mtambue."

Mtani akaacha kutafuna. Nilijua amerudi palepale mlangoni pa mtihani wa kwanza, faili mkononi, jina langu limekaa kwenye ulimi wake kama kaa la moto. Nikataka nilitaje mimi haraka nimwokoe, ila nikaogopa kumharibia.

Akavuta pumzi. Akaviambia vidole vyangu, "Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, nimekuja kukusafisha kidonda. Naomba mwenyewe utaje majina yako kamili, na unakotoka."

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu aolewe. Nikajibu "Marahaba," ikatoka kama mlango wa ghala. Halafu nikataja. Nikataja jina langu, la baba, la babu, la ukoo, kijiji, kata, na mlima unaoonekana ukisimama nyumbani. Yeye akafungua faili, akafuata kwa kidole herufi kwa herufi, akamwonyesha mwalimu ile karatasi. Hakutamka kitu.

Nikangoja mwalimu amgombeze. Mwalimu akaandika. "Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Mgonjwa anajitaja mwenyewe. Ukimwita wewe, mwenye homa anaitika jina lolote."

Kweli kabisa. Wiki ya kwanza, na ile homa, mimi niliitika majina matatu, na mawili kati ya hayo yaliniletea uji.

Kumbe alikuwa amelifikiria jambo hili miezi yote tangu alipofeli, akaitafuta njia ndani ya kitabu chao hichohicho. Nikaona fahari, nikataka kumwambia mtani, nikakumbuka mimi ni mgonjwa wa mtihani.

Akanawa mikono, tena kwa mpangilio, kiganja, mgongo wa mkono, kidole gumba, nikadhani atanawa mpaka Jumapili. Akafungua vifaa bila kuvigusa, akavaa glovu. Nikatulia kidogo. Mpira si ngozi. Mzee gani alikataza mpira? Akaanza kufungua bandeji.

Bandeji ya juu ikatoka. Ile gozi, kitambaa laini cha chini, ilikuwa imeganda kwenye nyama. Akaigusa kidogo tu na kibano, na mimi nikaruka. Niliruka na mguu wenyewe, na kitanda, na mchanga ukayumba.

"Tulia," akasema.

Mkamwana! Kaniamrisha! Hakuna mtu aliyewahi kuniambia tulia nikatulia, si baba, si trafiki, si mchungaji. Nikatulia. Nikalala kama gogo la mti wa mbao pale Sao Hill. Jasho linaingia masikioni.

Mwalimu akasogea. "Unajuaje kama mgonjwa wako ana maumivu?"

"Kwa kumuuliza, mwalimu. Na kwa kumtazama usoni."

"Mbona humtazami?"

Mkono wake wenye kibano ukasimama hewani. Kwenye karatasi ya mwalimu nikaona kalamu inangoja.

Na mimi blanketi nilikuwa nalo mkononi, kidevuni hapa. Ni kuvuta tu. Wiki mbili nimevuta, nimekuwa fundi wa kuvuta. Nikivuta, heshima imebaki nzima, wazee wametulia makaburini, na kalamu inaandika sifuri. Nikawaza ndugu zangu watasema nini. Nikawaza yule mzee anayetikisa kichwa. Nikawaza pia mlango ule, na yeye amesimama, muda unaisha, ananilindia jina.

Nikaachia blanketi. Na kwa kuwa mikono yangu naijua, haiaminiki, nikaiingiza chini ya makalio nikaikalia. Nikageuza uso wangu kwake nikauacha pale.

Akainua macho.

Nisikudanganye, nimedanganya mengi lakini hapa sidanganyi. Hakuna kilichotokea. Sikuvimba. Niliona macho ya mtu aliyechoka, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia, na juu ya nyusi kovu la zamani ambalo miaka minane sikujua kama analo. Alipolipatia mpaka leo sijui, na kumuuliza mwenyewe siwezi.

"Kuanzia sifuri mpaka kumi," akasema ndani ya barakoa, "sifuri hakuna maumivu kabisa, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Ya kwako ni ngapi?"

Mtani akashika tumbo mapema, akazishikilia nyuzi zake kwa mikono miwili. Anajua nitasema mia tisa. Wodi nzima inajua. Hata mimi nilikuwa na mia tisa mdomoni, na elfu nne nyuma yake.

"Sita," nikasema.

Akanitazama kidogo zaidi, kuhakikisha. "Nitailowesha kwanza na maji ya chumvi, gozi iachie. Halafu nitatoa polepole."

Akalowesha. Akangoja, na yeye ana saa, muda wake unakwenda, lakini akangoja. Gozi ikaachia yenyewe.

"Sasa hivi?"

"Tatu."

Akasafisha, akafunga, akamshukuru mgonjwa, akaondoka na troli lake. Mwalimu akakaa kwenye kiti karibu yangu. "Mzee, unaweza kuitoa mikono." Ilikuwa imekufa ganzi, ilibidi mtani anisaidie kuchomoa mmoja.

Matokeo hawakuyatoa siku hiyo wala wiki hiyo. Wanafunzi wakahamishiwa wodi ya wazazi, ng'ambo ya korido, na mkamwana akaenda nao. Mtani akatolewa nyuzi akarudi Kalenga, akaniachia karanga na tusi moja zuri la Kihehe. Aliyeletwa kitanda chake alikuwa haongei. Mimi na yule mchanga tukabaki tunavutana. Kila mlango ukilia nainua shingo. Nikaanza kuwauliza mpaka wafagiaji, "Sapu imetoka?" Mmoja akadhani ni supu, akaniambia mpaka Jumatano.

Siku kumi na nne nilizihesabu kama miaka. Ya kumi na tano, mchana, simu ikalia. Mwanangu, kutoka Tukuyu.

"Baba, upo?"

"Nitakuwa wapi?"

"Matokeo yametoka. Amepita."

Nilipiga kelele, yule asiyeongea akaongea. Sista mkuu akaja mbio kuangalia kama mguu umekatika. Nikamwambia mguu upo, niacheni.

"Baba, bado upo?" mwanangu akasema. "Kuna kitu kingine. Kanipigia sasa hivi. Anaomba nikuulize, kidonda kinaendeleaje?"

Kati ya wodi ya wazazi na kitanda changu ni hatua thelathini. Nilikuwa nasikia mpaka vikombe vyao. Swali limetoka pale, limepita Makambako, Igawa, Uyole, limepanda mpaka Tukuyu, limegeuka, limerudi njia yote hiyo kunifikia mimi hapa. Na miguu yangu ilikuwa hairuhusiwi hata kushuka kitandani.

"Mwambie kinawasha," nikasema. "Mwambie kinawasha kama kuna siafu wa nchi nzima..." Nikaacha. "Hapana. Subiri. Mwambie kinawasha, tatu. Wakati mwingine nne."

"Tatu nini, baba?"

"Wewe mwambie tu. Yeye anajua."

Akakata. Nikalala nimeshika simu kifuani, naangalia mlango, nangoja jibu lizunguke.